Uko kwenye kemo? Zifuatilie figo zako kabla hazijalalamika

Mama mmoja muuza vitumbua wa Tandale alikuja kliniki akisindikizwa na mwanawe wa kiume. Ilikuwa wiki ya nne ya matibabu yake ya saratani ya mlango wa kizazi, na alikuwa amejiandaa kwa dripu: kanga mbili, chupa ya uji na pochi yenye kadi zake zote. Nikaangalia majibu ya damu ya asubuhi ile, kisha nikamwambia, "Mama, leo kemo hatutoi."

Kijana akasimama. "Daktari, kama dawa zimekwisha sema tukanunue. Tusizungushwe."

Dawa zilikuwapo. Kilichopungua ni nguvu ya figo za mama. Kipimo chake cha kreatinini, ambacho kabla ya kuanza matibabu kilikuwa 70, kilikuwa kimepanda hadi 148. Kumpa dozi siku ile kungekuwa kuzipiga figo ambazo tayari zimeumia.

Nikamuuliza kama anakunywa maji kama tulivyomwelekeza, lita tatu kwa siku. Akatazama chini. "Mwanangu, asubuhi nakunywa. Ikifika saa tisa mchana naacha. Choo chetu kiko uani, tunatumia vyumba vinane, na taa hakuna. Mvua ikinyesha uani pote ni maji. Usiku nitatokaje? Na siku ya kuja huku sinywi kabisa. Nikishikwa ndani ya gari nitajisitiri wapi?"

Kulikuwa na jambo la pili. Mgongo ulikuwa unamuuma, akawa ananunua vidonge vya diklofenaki duka la dawa la mtaani na kumeza viwili kwa siku, kwa siku tisa mfululizo.

Mimi ndiye niliyemwambia anywe lita tatu. Sikumuuliza choo chake kiko wapi, wala sikumuuliza akiumwa anameza nini. Nimejifunza kwa kosa hilo, na kwa ruhusa yake nalisimulia hapa bila kumtaja, kwa sababu najua wapo wasomaji wengi walio katika hali kama yake.

Kwa nini dawa ya saratani iumize figo?

Figo ni mbili, kila moja ina ukubwa unaokaribia ngumi yako, nazo zimekaa nyuma ya tumbo, chini ya mbavu. Kwa siku moja huchuja takriban lita 180 za majimaji yatokanayo na damu, zikayarudisha karibu yote mwilini, na kutoa lita moja hadi mbili tu kama mkojo. Pamoja na uchafu wa mwili, dawa nyingi tunazomeza au kuchomwa hutokea njia hiyo hiyo.

Sisplatini ni mojawapo. Dawa hii imetengenezwa kwa madini ya platinamu. Ilianza kwa bahati mwaka 1965, pale mtafiti Barnett Rosenberg na wenzake huko Michigan, Marekani, walipoona bakteria wanashindwa kugawanyika karibu na vipande vya platinamu vilivyokuwa vinapitisha umeme. Mwaka 1978 iliidhinishwa kutumika Marekani, na mpaka leo ni moja ya dawa tunazozitegemea sana. Mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi anayepata mionzi kwa kawaida huongezewa sisplatini mara moja kwa wiki, kwa sababu dawa hiyo huisaidia mionzi kufanya kazi vizuri zaidi.

Katika majaribio ya mwanzo, wagonjwa wengi waliharibika figo kiasi kwamba dawa ilikaribia kuachwa. Kilichoiokoa ni maji. Madaktari waligundua kuwa mgonjwa akipewa dripu za kutosha kabla na baada ya dawa, madhara kwa figo hupungua sana. Kwa hiyo zile chupa za maji ya chumvi unazotundikiwa kwa saa kadhaa, ambazo baadhi ya wagonjwa huomba zikatishwe ili wawahi usafiri, nazo ni tiba. Usiombe zikatishwe.

Sisplatini haiko peke yake. Ifosfamidi, na methotreksati inapotolewa kwa dozi kubwa, nazo huhitaji figo ziangaliwe kwa karibu. Dawa nyingine za kemo hazina shida kubwa na figo. Muulize daktari wako jina la dawa unayopewa, liandike kwenye daftari, na uulize kama ni ya kuchunga figo.

Kreatinini: namba unayopaswa kuijua

Kreatinini ni takataka inayotokana na kazi ya kawaida ya misuli. Figo nzima huitoa. Figo zikichoka, inabaki kwenye damu na namba inapanda. Katika maabara nyingi, mtu mzima huwa kati ya 60 na 110 hivi, wanawake wakiwa chini kidogo kuliko wanaume. Maabara nyingine hutumia kipimo tofauti, na majibu yakasomeka 0.9 badala ya 80. Namba hizo mbili zina maana moja, kwa hiyo usishtuke ukibadilisha maabara. Angalia kipimo kilichoandikwa pembeni ya namba, na ikiwezekana pima sehemu ile ile kila mara.

Kuna mambo matatu kuhusu namba hii ambayo ningependa kila mgonjwa ayajue.

La kwanza, inachelewa. Figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wake kabla kreatinini haijavuka mpaka wa kawaida. Madhara ya sisplatini nayo mara nyingi huonekana siku kadhaa baada ya dozi, wakati mgonjwa yuko nyumbani anaona mambo ni shwari. Ndiyo maana tunapima kabla ya kila dozi, hata kama wiki iliyopita majibu yalikuwa mazuri.

La pili, mtu aliyekonda huweza kuidanganya. Kwa kuwa kreatinini hutoka kwenye misuli, mgonjwa aliyepungua kilo nyingi atakuwa na namba ndogo hata kama figo zake zimedhoofu. Namba 90 kwa kijana mbeba magunia sokoni Tandale si sawa na 90 kwa bibi wa kilo 40. Kwa sababu hiyo daktari hukokotoa uwezo wa figo kwa kuzingatia umri, jinsia na mara nyingine uzito. Ukiambiwa upande kwenye mizani kila unapokuja, usione usumbufu.

La tatu, mwendo wa namba una maana kuliko namba moja. Kutoka 60 hadi 95 bado ni "kawaida" kwenye karatasi ya maabara, lakini kwangu ni onyo. Tunza majibu yako yote. Ukihamishwa kituo, nenda nayo.

Sambamba na kreatinini tunaangalia madini kwenye damu, hasa potasiamu na magnesiamu. Sisplatini hufanya figo kumwaga magnesiamu ovyo, na mgonjwa hukakamaa misuli, hutetemeka au huhisi ganzi. Pia tunapima mkojo kuona kama una protini au damu.

Saratani yenyewe nayo inaweza kubana figo

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na wengi hufika hospitali ikiwa imeshasambaa ndani ya nyonga. Hapo ndipo inapita mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo kwenda kwenye kibofu. Uvimbe ukiibana mirija hiyo, mkojo hurudi nyuma na figo huvimba kama puto. Mgonjwa anaweza kuhisi maumivu ya ubavuni au mgongoni, au asihisi chochote.

Kipimo cha ultrasaundi ya figo huonyesha tatizo hili kwa dakika chache, na kinapaswa kufanyika kabla ya kuanza matibabu. Ikibainika mirija imebanwa, mara nyingi huwekwa mrija wa kupitishia mkojo, wa ndani au wa mgongoni, ndipo kemo inafikiriwa. Saratani ya tezi dume na ya kibofu nazo hubana mkojo kwa namna hiyo.

Mama wa Tandale tulimfanyia ultrasaundi siku ile ile kwa sababu ya mgongo wake. Mirija ilikuwa wazi. Kwake, shida ilikuwa ukavu wa mwili na zile diklofenaki.

Dawa unazomeza bila kuniambia

Kuna kundi la dawa za maumivu ambazo kwa mtu mzima wa afya, kwa siku mbili tatu, hazina neno. Diklofenaki na ibuprofeni zimo humo. Kwa mtu aliye kwenye sisplatini, hasa akiwa hajanywa maji, hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na mzigo unakuwa mara mbili. Ukiumwa, paracetamol kwa dozi sahihi ni salama zaidi kwa figo, ila pima joto kwanza, maana huficha homa. Na kama maumivu ni makali, yapo maji ya mofini na dawa nyingine ambazo hospitali itakupa kwa utaratibu. Maumivu ya saratani hayatakiwi kuvumiliwa kimya wala kutibiwa dirishani kwa duka la dawa.

Sindano za jentamaisini nazo huumiza figo. Ukienda zahanati kwa homa au UTI, sema mapema: "Mimi niko kwenye kemo." Sema hivyo hivyo ukipelekwa kwenye CT scan yenye dawa ya kuchomwa mshipani.

Dawa za asili ni mada ngumu, maana humkosea mtu adabu ukimkemea. Naomba tu hivi: mlonge, mizizi ya kuchemsha, na zile chupa zinazouzwa kwa jina la kusafisha figo, zilete nizione. Figo husafishwa na maji na mzunguko mzuri wa damu. Baadhi ya mizizi huharibu figo moja kwa moja, na tatizo kubwa ni kwamba hakuna anayejua kilichomo ndani ya chupa.

Kisha kuna dawa za ARV. Wanawake wanaoishi na VVU wana hatari ya saratani ya mlango wa kizazi karibu mara 6 zaidi ya wengine, hivyo wagonjwa wetu wengi wanazitumia. Vidonge vinavyotumika sana sasa vina tenofovir, ambayo kwa baadhi ya watu hugusa figo, na dolutegravir, ambayo hupandisha namba ya kreatinini kidogo bila kuiumiza figo. Daktari asipojua unazitumia, anaweza kukosea upande wowote: kuendelea na kemo isiyofaa, au kuisimamisha bure. Wengi hufichana kwa sababu ya jirani aliyewasindikiza. Omba kuongea na daktari faragha. Na usiziache ARV kwa uamuzi wako.

Mwenye kisukari au shinikizo la damu naye aseme, maana figo zake huenda zilianza kuchoka kabla ya saratani.

Maji: kiasi gani, na kwa namna gani

Mtu mzima aliye kwenye sisplatini, ambaye hana ugonjwa wa moyo, hajavimba miguu na hajaambiwa apunguze maji, kwa kawaida anahitaji lita mbili hadi tatu kwa siku, hasa siku moja kabla ya dozi na siku tatu hadi nne baada yake. Kwa joto la Dar es Salaam usishuke chini ya hapo. Chukua chupa mbili za lita moja na nusu. Zijaze asubuhi, zimalize. Uji, chai, supu na juisi vinahesabika.

Maji yawe yamechemshwa au yametiwa dawa. Kemo hushusha kinga, na kuhara siku mbili kunaweza kukausha mwili na kuziumiza figo. Sisi wa Kinondoni hatujasahau kipindupindu cha mwaka 2015, kilichoanzia kwetu.

Kama kizuizi ni choo, panga ratiba. Kunywa sehemu kubwa ya maji kati ya saa 12 alfajiri na saa 10 jioni, kisha mafunda madogo hadi kulala. Weka ndoo yenye mfuniko chumbani kwa ajili ya usiku. Mgonjwa haoni aibu kwa hilo, na aliye naye asimwonyeshe aibu. Siku ya safari, fika mapema na uanze kunywa ukiwa kituoni, palipo na choo.

Kama kizuizi ni kutapika, tumia dawa za kuzuia kutapika kwa saa, siku zote ulizoandikiwa, hata kama hujisikii vibaya. Kutapika kwa sisplatini hupenda kurudi siku ya pili hadi ya tano. Wengi huacha vidonge siku ya kwanza wakidhani wamepona, kisha hawawezi hata kumeza mate. Kunywa mafunda mawili kila dakika chache hukaa tumboni kuliko glasi nzima.

Madafu ni matamu na wengi huniuliza juu yake. Figo zikiwa nzima, dafu moja halina tatizo. Lakini lina potasiamu nyingi, na figo zikishachoka potasiamu hupanda na kuweza kuusimamisha moyo. Uliza kwanza.

Na Ramadhani inapokaribia, njoo tuzungumze mapema. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa; sisi kazi yetu ni kukuambia siku zipi ni za hatari.

Kwa wazazi wenye watoto kwenye matibabu

Mtoto si mtu mzima mdogo. Kiasi chake cha maji hutegemea uzito, kwa hiyo usifuate lita nilizotaja hapo juu. Uliza wodini, uandikiwe.

Katika ukanda wetu watoto wengi huugua uvimbe wa Burkitt, uliopewa jina la daktari Denis Burkitt aliyeueleza akiwa Uganda mwaka 1958. Uvimbe huu hukua haraka, na habari njema ni kwamba huyeyuka haraka kwa kemo. Lakini seli nyingi zikifa kwa pamoja humwaga potasiamu, fosfeti na asidi ya yuriki kwenye damu, na figo za mtoto zinaweza kuziba ndani ya siku moja au mbili. Ndiyo maana katika siku za mwanzo mtoto huwekewa dripu mfululizo, hupewa vidonge vya allopurinoli, na damu yake hupimwa mara kwa mara. Mzazi huona mtoto anatobolewa mno. Sindano hizo ndizo zinazotuambia mapema kama figo zinazidiwa.

Kazi yako hapo ni kubwa: usimwage mkojo kabla haujapimwa. Kama mtoto anavaa nepi, itunze ipimwe uzito. Mtoto asipokojoa kwa saa sita akiwa kwenye dripu, mwite muuguzi usiku huo huo, usingoje daktari apite asubuhi.

Kwa mtoto aliyeondolewa figo moja kwa sababu ya saratani ya figo, fahamu kwamba mtu huishi vizuri kwa figo moja. Ila hiyo moja haina msaidizi. Mweleze kila anayemtibu, usimpe ibuprofeni bila ushauri, na apimwe shinikizo la damu na mkojo angalau mara moja kwa mwaka hata baada ya kupona.

Usisubiri siku ya kliniki

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona lolote kati ya haya:

Mkojo umepungua sana, au umekaa saa 12 bila kukojoa.

Mkojo una damu au umekuwa wa rangi ya kola.

Umetapika au kuhara kwa saa 24 na maji hayakai.

Miguu au uso umevimba, au unapumua kwa shida.

Misuli inakakamaa, mapigo ya moyo yanaruka, au umechanganyikiwa.

Joto limefika nyuzi 38 au zaidi. Hii ni dharura kwa kila aliye kwenye kemo.

Kumbuka kuwa kukojoa vizuri hakumaanishi figo ni nzima. Figo zilizoumizwa na sisplatini mara nyingi huendelea kutoa mkojo mwingi, ila haujachujwa ipasavyo. Kipimo cha damu bado ni lazima. Kama uko Tandale au jirani na usiku umeingia, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Mwananyamala iko karibu. Usingoje kupambazuke ufike unakotibiwa saratani. Beba daftari lako. Na kama pesa ya vipimo ndiyo inayokukwamisha, pita ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kuamua kubaki nyumbani.

Kuahirishwa dozi si kuachwa

Yule kijana aliyesimama nilimwelewa. Familia imekopa nauli, imefunga biashara, kisha inaambiwa "leo hapana". Lakini dozi ikiahirishwa, ikipunguzwa, au dawa ikibadilishwa, kwa mfano kwenda kaboplatini ambayo kipimo chake hukokotolewa kwa uwezo wa figo, hapo bado tunapigana na saratani. Figo zikifa, uchaguzi wa dawa unabaki mdogo sana.

Mama tulimwekea dripu siku mbili, tukamwandikia dawa nyingine ya maumivu, na mionzi yake haikusimama hata siku moja, kwa kuwa mionzi ya ugonjwa huu inatakiwa ikamilike ndani ya takriban wiki 8. Kijana alinunua ndoo yenye mfuniko sokoni na kufunga taa ya sola kwenye mlango wa kuelekea uani. Wiki iliyofuata kreatinini ilisoma 94. Wiki iliyofuata tena, 82, na kemo ikaendelea.

Siku ile alinipungia chupa yake tupu kutoka kwenye benchi kabla hata sijamuita. Sasa kila mgonjwa mpya ninamuuliza maswali mawili kabla sijataja lita: choo chenu kiko wapi, na ukiumwa unameza nini? Kama daktari wako hajakuuliza, usione haya. Mwambie wewe.